Bundi wa Mkuyu wa Mama Mkwe

Mwaka nilipoanza kumfuatilia bundi mkubwa, nilimdanganya mama mkwe wangu karibu kila asubuhi, tena bila haya.

Kazi yenyewe nilipewa na kamati ya mazingira ya kijiji chetu, huku Kibondo, kwa sababu naamka mapema na nina mwandiko mzuri. Bundi yule aliwahi kuishi hapa. Msitu wa kando ya mto ulipoishia kwenye kuni na mkaa, akatoweka. Baadaye miti iliachwa ikakua tena, na kamati ikataka kujua kama atarudi. Daftari lilikuwa na safu nne: amesikika, ameonekana, ana kiota, nani alimsikia kwanza.

Nilimsikia wakati wa palizi, alfajiri, nikitoka mtoni. Mngurumo mzito ulitoka juu ya mkuyu. Nilifurahi hadi nusu ya maji ikanimwagikia. Kisha nikakumbuka kwamba mkuyu ule ni wa mama mkwe, na kwamba hapa bundi akilia karibu na nyumba watu huanza kuwatazama wagonjwa wao kwa jicho lingine. Shoka moja tu, na ndege wangu angeondoka tena.

"Mama, pimbi wamepiga kelele leo," nilimwambia kabla hajauliza.

"Eee, pimbi," akajibu.

Nikawa naokota chini ya mkuyu madonge ya manyoya na mifupa ya panya anayotapika bundi, nayafunga kwenye pindo la kitenge. Siku moja nilimwona mchana amesinzia, kope zake zina rangi ya waridi kama za bibi harusi. Nilitamani kumwita mtu aje aone. Sikuwa na wa kumwita, na hilo liliniuma.

Tulipovuna maharage, nikaona kinda kwenye kiota. Narudi nyumbani mbio, namkuta shemeji yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Kasulu, ameshika shoka. Amesikia bundi, anataka kuuangusha mkuyu. Nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, nikakiri yote.

Aliendelea kupepeta maharage yake. "Rudisha shoka," alimwambia mwanawe. "Mti ni wangu." Kisha akanigeukia. "Pimbi gani anatapika mifupa, mwana wanje, mwanangu? Mimi nimemsikia tangu tunapanda. Nikanyamaza. Wewe mtu wa mjini, nilidhani ukijua ni bundi utaogopa, umwambie mumeo aukate."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Msimu mzima tulikuwa tunafichana ndege mmoja.

"Nilipoolewa hapa alikuwa akilia palepale," alisema. "Walipomaliza msitu, alfajiri ikawa kimya. Sijawahi kuuzoea ukimya ule."

Nikaleta daftari. Kwenye safu ya mwisho nilikuwa nimejiandika mimi. Nikakata jina langu, nikaanza kuandika lake. Mama mkwe hajui kusoma, lakini aliweka ungo chini, akaniinamia begani, akaifuata kalamu hadi herufi ya mwisho.