Fulana Namba Saba

Nilikubali kukaa mezani siku ile kwa sababu nilidhani kuandika takwimu ni kazi ya kukaa.

Ninafundisha historia katika chuo cha ualimu pembezoni mwa mji wa Tarime, upande wa Turwa, ambako uwanja wetu wa mpira wa kikapu umepakana na mahindi ya watu. Mabinti zetu walikuwa wanacheza na chuo kimoja cha Serengeti. Mkufunzi wa michezo, mzaliwa wa Sirari, mpakani, anayechanganya lugha tatu katika sentensi moja, alinikabidhi karatasi yenye vijumba vingi: pointi, ribaundi, asisti, faulo.

"Wewe ni msomi, profesa," akasema. Mimi si profesa, naye anajua. "Namba ikifunga, chora kijiti. Namba ikinasa mpira uliokosa goli, hiyo ni ribaundi, chora kijiti. Hata mtoto wa chekechea anaweza."

Nilikuwa nimetulia hadi dakika chache kabla ya filimbi, alipopigiwa simu. Mchaguzi wa timu ya kanda asingefika, barabara imemshinda. Angechagua kwa kusoma karatasi yangu. Kila chuo jina moja, mwenye pointi nyingi kuliko wenzake.

Habari ilifika kwa wachezaji kabla sijaimeza. Binti mmoja wa mwaka wa mwisho, kutoka Nyarero, akaja mezani. Alikuwa mrefu, kichwa amenyoa, anatafuna ukucha.

"Shikamoo mkufunzi."

"Marahaba."

"Mkufunzi, unaona vizuri hadi kule kwenye goli?"

"Naona."

"Maana mimi namaliza chuo mwezi ujao. Ikipita hii, basi tena."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kisha nikafuta miwani mara tatu.

Mchezo ulipoanza niligundua kwamba mpira wa kikapu haumsubiri mtu amalize kuandika. Nikiinama kuchora kijiti cha ribaundi, upande wa pili wameshafunga. Kiganja kilitoa jasho mpaka karatasi ikajikunja. Nikaacha kutazama sura za watu, nikabaki na namba tu. Kilichonipa moyo ni namba saba. Yule binti wa Nyarero alikuwa ndiye aliyeanza na fulana hiyo, na kila nilipoinua kichwa, saba anakimbia, saba anaruka, saba anafunga. Mara kadhaa niliona wenzake kwenye benchi wamenyoosha kanga kumzunguka mtu. Nilidhani wanamkinga na upepo; Tarime kuna baridi, na mimi ni mtu wa huruma.

Tulishinda. Nikajumlisha mara mbili: saba alikuwa na pointi ishirini na mbili, na hakuna mwingine wetu aliyezidi sita. Nikamfuata mkufunzi wa michezo kwa furaha ya mtu aliyefaulu mtihani.

"Saba wako hachoki!"

Akanitazama. "Saba yupi?"

"Saba. Kwani wako wangapi?"

"Wawili, profesa. Fulana ziko tisa, wachezaji kumi. Anayetoka anamvulia anayeingia. Si ndiyo ile kanga? Wewe ulikuwa unaangalia nini?"

Nilikuwa naangalia namba, kama nilivyoagizwa. Mtu aliyesomea historia chuo kikuu, anayewafokea wanafunzi kwa kuamini maandishi bila kuuliza aliyeandika ni nani, alikuwa ameandika uongo wa karatasi nzima kwa mkono wake mwenyewe.

Nikampigia mchaguzi, nikiomba nitume majina mawili. Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mwalimu, gari lina nafasi moja kwa kila chuo. Nataka jina kabla ya saa kumi na mbili."

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro. Nikawaita wote wawili darasani. Wa pili alikuwa binti wa mwaka wa kwanza, kutoka vijiji vya Ikoma, mrefu vilevile, kichwa amenyoa vilevile. Nikachukua chaki.

"Tukumbuke kikapu kimoja kimoja. Cha kwanza?"

"Changu," akasema wa Nyarero. "Nilifunga nikaanguka."

"Na kile cha pembeni kilikuwa changu," akasema wa Ikoma. "Wewe ulikuwa unanipigia kelele nitoe pasi."

"Ulikuwa unatakiwa utoe pasi!"

"Si nilifunga?"

Tukaenda hivyo, wakibishana na kusahihishana, mimi nachora ubaoni na kutazama saa. Mwishowe wa Ikoma alikuwa na pointi kumi, wa Nyarero nane. Vikabaki vikapu viwili vya robo ya tatu. Pointi nne. Akipewa wa Nyarero, anakwenda yeye.

Nilitaka sana viwe vyake. Niliigeuza karatasi kama vile nyuma yake kuna jibu.

"Ni vyake, mkufunzi," wa Ikoma akasema, macho chini. "Mimi bado nina mwaka mwingine."

"Sikuuliza nani ana mwaka. Nimeuliza nani alifunga."

"Nasema ni vyake."

Mkono wangu ulishafika ubaoni. Binti wa Nyarero akanyanyuka.

"Acha, mkufunzi. Wakati ule nilikuwa kwenye benchi nakunywa maji. Nilivishangilia mwenyewe." Akamgeukia mwenzake. "Na wewe acha ujinga. Unataka nifike huko waniulize, niseme nini?"

Nikatuma jina la binti wa Ikoma. Nilikosea herufi mbili, nikatuma tena. Sikupata usingizi vizuri wiki ile. Nilijiuliza kama kweli yule wa Nyarero alikuwa kwenye benchi, au alikuwa hataki tu kupewa kitu kwa huruma. Sijui hadi leo, na ni mimi niliyewekwa pale ili nijue.

Siku chache kabla ya kumaliza chuo alikuja ofisini kwangu.

"Mkufunzi, naomba uniandikie karatasi ya mchezo ule. Yangu peke yangu. Na muhuri. Mama anasema miaka yote hii nilikuwa nakimbia bure."

Nikaandika taratibu, bila kukimbizwa na mtu: pointi nane, na ribaundi zile ambazo wote wawili walikubaliana kuwa ni zake. Nikagonga muhuri. Akasoma kwa makini, akanirudishia.

"Hujaandika faulo."

"Nilidhani mama hazimhusu."

"Zilikuwa tatu," akasema. "Ziandike."

Nikaziandika.