Krimu Ilikuwa Bado Laini

Wanawake wa mtaa wetu hapa Basra hawapeleki kompyuta dukani. Ndani yake mna picha za harusi, mabinti wakiwa vichwa wazi, sauti za akina baba waliokwisha kufa. Nani atamkabidhi kijana wa dukani mambo hayo, akae nayo nyuma ya pazia? Kwa hiyo walikuja kwa binti yangu Ghaida. Walizileta mashine zao zimefungwa shuka kama watoto wachanga, wakapanda ngazi hadi chumba cha juu, wakaketi papo hapo mpaka amalize.

Kazi hiyo alijifunza mwenyewe. Marehemu baba yake, Ustadh Dhiyab, aliyekuwa mwalimu mkuu na kuheshimiwa na watu wazima aliowachapa utotoni, alimnunulia vipande badala ya kompyuta nzima. "Ukiiunga mwenyewe haitakutisha ikiharibika," alimwambia. Mimi sikupendezwa. Nilisomesha historia katika sekondari ya wasichana, nikataka binti yangu naye ashike chaki. Lakini nilipoona jinsi wanawake wanavyomwamini, nilinyamaza. Nyumba yetu haikuwa na mali, ilikuwa na jina, na Ghaida alikuwa analitunza kwa namna yake.

Kabla ya kazi yoyote, alichomoa diski yenye picha akamwekea mwenyewe mkononi. "Shika siri zako, khalati, mama yangu mdogo. Haya mengine ni vyuma tu." Halafu ndipo alipoanza kazi.

Kazi aliyoithamini kuliko zote ilikuwa kupaka krimu. Kuna krimu ya kijivu inayowekwa kati ya prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, na chuma kinachofyonza joto lake. Ikiwa kidogo, hewa hubaki katikati na ubongo huungua. Ikizidi, hufurika hadi pasipotakiwa. Ghaida alidondosha tone dogo kama punje ya dengu, akateremsha kile chuma polepole, akakaza skrubu kwa mshazari, hii kidogo, ya upande wa pili kidogo, mpaka zote zikashika. Wakati huo hakusemeshwa. Mjini kwetu wakati wa kiangazi ukuta wa ndani hutoa joto kama mkate uliotoka tanuri, na mashine iliyopakwa ovyo haifiki mwezi wa tisa.

Miongoni mwa waliomjia alikuwa Rusul, mke wa Luay, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Rusul aliandika hesabu za kampuni moja ya Baghdad bila kutoka nyumbani. Mumewe alifanya kazi visimani, kwenye mafuta, akikaa huko wiki kadhaa kwa mpigo, naye akabaki na mama mkwe wake, Mama Luay. Ghaida alimuungia kompyuta wakati wa baridi, ikawa inakwenda vizuri.

Mwezi wa nane, alasiri moja, nilikuwa na wageni sebuleni, tunakunywa chai ya ndimu kavu. Mama Luay akaingia. Nyuma yake Rusul alikuwa ameikumbatia ile mashine, kichwa chini.

"Mama Rafid, chai yako tamu, ila kazi ya binti yako chungu!"

"Kaa kwanza, Mama Luay. Hata askari akija hupewa kiti."

"Nikae vipi? Mashine inanguruma kama ndege inayotaka kuruka, mara pu, imezimika! Leo tena. Luay amesema ikizimika mara nyingine anaiuza, na habari ya kazi ya mkewe imekwisha. Mimi nilisema toka mwanzo tuipeleke kwa wanaume. Nikaambiwa binti wa Ustadh ana mkono. Mkono gani huo?"

"Labda alipaka krimu ya uso," akasema Sabiha, jirani yetu mwingine, na wanawake wakacheka.

"Basi ungemletea uso wako, Sabiha, nao una kazi," nikamjibu. Wakacheka zaidi. Lakini maneno yaliyosemwa sebuleni kwangu yangefika kwenye tanuri la mkate kabla ya magharibi.

Ghaida aliteremka, akasalimia. "Nipe nafasi niifungue, khalati. Rusul, twende juu." Nikawafuata. Sikutaka binti yangu awe peke yake na shitaka lile.

Alipoondoa ubavu wa mashine tuliona weupe. Ulikuwa umeganda kwenye feni, umeziba mapengo ya kile chuma, umetapakaa kwenye bodi kama ukungu wa mkate. Ghaida alikwangua kidogo kwa ukucha, akaonja.

"Chumvi," akasema. Akamgeukia Rusul. "Uliiweka wapi?"

Rusul akajibu kwa sauti ya chini. Umeme wa serikali ukikatika, jenereta ya mtaa haiwezi kubeba kiyoyozi chao, hubeba feni ya maji tu, lile sanduku lenye majani makavu yanayoloweshwa kwa maji ya bomba. Chumba chake kilikuwa kinawaka moto. Kwa hiyo akaivuta ile feni na kuielekeza kwenye kompyuta.

"Nilidhani naipoza."

"Rusul! Bomba la mwezi wa nane ni bahari."

Sisi sote tunajua. Kiangazi mto hupungua, bahari hupanda, na maji ya bomba huwa hayafai hata kwa chai, tunanunua maji matamu kwenye magari. Tunaona weupe ule kwenye mabomba na kwenye vioo vya bafuni. Lakini kwamba upepo nao huubeba, hilo hatukuwahi kulifikiria, maana upepo ule ni baridi, na kwetu kitu baridi ni neema.

"Usimwambie mama mkwe," Rusul akasema, machozi yamekwisha kumtoka. "Feni ile ni ya sebule, alinikataza kuihamisha. Mimi huichukua yeye akilala mchana. Akijua atamwambia Luay kwamba nimeiharibu kwa ukaidi wangu. Da Ghaida, katika nyumba ile kitu changu ni kazi hii tu."

Ghaida alifungua skrubu, akakinyanyua kile chuma. Krimu ilikuwa chini yake kama alivyoipaka, ya kijivu, laini, imeenea hadi pembeni bila kufurika. Niliigusa mwenyewe, ikabaki kidoleni.

"Sasa tushuke nayo hivi hivi," nikasema. "Waione."

Ghaida akachukua pamba na spiriti, akaifuta yote mbele ya macho yangu, mpaka chuma kikang'aa. Nikabaki na kile kidogo kilichokuwa kidoleni.

Kisha akasugua chumvi kwa mswaki, taratibu, kila pembe. Feni ilikuwa haizunguki tena, na chuma kimeliwa. Akaenda kwenye kompyuta yake mwenyewe, akang'oa vya kwake, akaviweka kwa Rusul. Akapaka tone jipya. Mashine ilipowaka haikunguruma.

"Feni ya maji usiielekeze tena," alimwambia. "Afadhali ukae na joto."

Tuliposhuka, Ghaida alisimama katikati ya sebule. "Khalati, kosa ni langu. Krimu yangu ilikauka. Nimepaka nyingine, na feni nimeibadilisha."

"Si niliwaambia?" Mama Luay akawageukia wenzake. "Mungu amrehemu Ustadh. Angeyasikia haya!"

Nilinyanyuka. Ghaida alinitazama, mtazamo mmoja tu. Nikachukua birika nikammiminia Mama Luay chai. Ikafurika hadi kwenye kisahani, jambo ambalo halijapata kutokea nyumbani kwangu.

Baada ya siku ile ngazi zetu zikawa kimya. Sabiha alimpa kaka yake mashine aipeleke dukani. Kwenye foleni ya mkate mtu aliniuliza, "Mama Rafid, binti bado anaganga kompyuta? Nasikia krimu yake hukauka." Wote waliokuwa pale wakawa ghafla wanahesabu mikate. Mwanangu Rafid alipiga simu kutoka ughaibuni, nikamweleza, akasema, "Mama, waambie ukweli, unangoja nini?"

Alasiri moja nikavaa baibui niende kwa Mama Luay. Ghaida alikuwa amesimama mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kulichukua jina la baba yako. Limeachwa kwenye nyumba ya watu."

"Ukimwambia, Rusul atafungiwa kazi kabla hujamaliza chai."

"Na wewe je? Wewe hujafungiwa?"

"Mama, wale wanawake walinipa vitu vyao kwa sababu sisemi. Leo nikisema la Rusul ili nijiokoe, hapo ndipo watakuwa na haki ya kutokuja."

Nikavua baibui.

Sasa Ghaida anafanya kazi kwa binamu ya baba yake, nyuma ya duka, mahali wateja wasipomwona. Mashine huingia na kutoka kwa jina la mwenye duka. Watu husifu. Jioni hurudi, akala, akalala.

Rusul na mumewe wamehamia nyumba yao wenyewe. Alikuja mwezi uliopita na kleicha, biskuti zilizojazwa tende, akaniambia amekwisha kumweleza Luay kila kitu. "Andika yote, khalati," alisema. "Mtaa usome." Mama Luay naye anajua sasa. Hajaja. Wanawake nao hawajarudi, wamekwisha kuzoea duka.

Nilipomaliza kuandika haya nilimpa Ghaida asome. Alisoma amesimama, mkono mmoja kwenye jokofu. Nilidhani ataniambia nifute mahali alipojitwika kosa, au pale nilipomtaja Mama Luay.

"Hapa hujakaza," akasema. "Andika kwamba krimu ilikuwa bado laini."

"Nimeandika."

"Andika tena."

Krimu ilikuwa bado laini.