Dagaa Waliojikunja

Kila asubuhi, kabla hajagusa dagaa, Mama Shadia hufuta kioo cha kamera ya simu yake kwa pindo la khanga, hukipulizia pumzi, hukifuta tena. Halafu anapiga picha moja. Moja tu. Aipende asiipende, simu inarudi kifuani na kazi inaanza.

Jina lake hasa ni Mwanvua. Anakaa Gungu na anaanika dagaa ufukweni Kibirizi, kwenye chanja ya waya ya tatu kutoka majini. Ya nne ni yetu, ndiyo maana namjua. Simu aliachiwa na binti yake Shadia alipoolewa Uvinza. Imepasuka kona, na ikizimika inasahau tarehe. Ukiiwasha inakuambia ni Januari ya mwaka ule mimi nikiwa darasa la tano. Hajawahi kuirekebisha, anasema tarehe anaijua mwenyewe.

Kwa simu hiyo aliingia Jicho la Ziwa, kundi la WhatsApp la wapiga picha wa Kigoma na Ujiji. Admini ni Telesphory, mwenye studio ya picha za pasipoti pale Mwanga. Mama Shadia hana miwani, kwa hiyo jua likiwa kali tunakaa kivulini, mimi nasoma, yeye anasikiliza. Ni kundi la kelele. Mtu akituma picha ya ziwa, Hamdani wa bodaboda anamjibu, "Kaka, ziwa lako limelala upande. Maji yote yanamwagikia Kongo." Yeye mwenyewe kila wiki anatuma pikipiki: pikipiki na ziwa, pikipiki na shangazi yake, pikipiki imeoshwa. Mama Shadia hucheka mpaka anajishika mbavu, lakini haandiki kitu. Anatuma picha yake siku ya Ijumaa, basi.

Ijumaa ndiyo siku ya kuchagua picha ya wiki. Masharti ni mawili: iwe imepigwa wiki hiyo hiyo, na isipitishwe kwenye kompyuta. Anayedanganya anatolewa, na jina lake linabandikwa juu ya kundi kwamba ni mwizi wa picha.

Ijumaa moja alituma chanja yake. Dagaa wamejaa waya mpaka ukingoni, mkono wake wa kushoto unawageuza. Watu wakamwaga makofi. Kisha akaandika Feliksi, yule mwenye kamera kubwa anayepiga harusi:

"Picha nzuri. Ila wiki hii ni mbalamwezi. Mitumbwi haijaenda ziwani tangu Jumatatu. Hao dagaa wametoka wapi?"

Huku kila mtu anajua jambo hilo. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti, kwa hiyo wavuvi wanapumzika. Telesphory akaomba tarehe ya picha. Tukaituma. Ilikuwa Januari ile.

Kundi likachemka.

"Mama umefukua kaburi," akaandika Hamdani.

Mwingine akasema, "Huenda hata si yake, kaiokota mtandaoni."

Nilipomsomea hilo Mama Shadia aliacha kutafuna. "Soma tena."

Nikasoma.

"Wameniita mwizi?"

"Bado. Wamesema huenda."

Akachukua simu, akabonyeza pa kurekodi, akazungumza kwenye kundi kwa mara ya kwanza. "Mimi Mwanvua. Picha ni yangu, na ni ya juzi Jumatano. Jumamosi ya wiki ijayo nakuja hapo studio. Msinitoe kabla sijafika."

Wiki ile hakucheka. "Miaka ishirini nauza dagaa," aliniambia, "hakuna aliyewahi kuniita mwizi. Leo niitwe kwa picha?"

Jumamosi ilipofika mwezi ulikuwa umepungua na mitumbwi imerudi kazini. Akafunga dagaa kwenye vipande viwili vya gazeti, tukaenda Mwanga. Studio ilikuwa imejaa watu wa kundi, wengine wamesimama mbele ya kitambaa cha buluu cha pasipoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Feliksi ni yupi?"

Feliksi akanyoosha kidole kama yuko darasani.

"Mbona mdogo hivi? Kwenye simu ulikuwa baba mzima!"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakungoja, akafungua magazeti juu ya meza ya kioo. "Hawa wamevuliwa juzi. Hawa ni wa mwezi uliopita. Walipata unyevu stoo. Mbalamwezi ikifika chanja zinakuwa tupu, ndipo tunawatoa hawa tunawaanika upya wasioze. Niambie tofauti yao."

Feliksi akainama. "Hawa wamenyooka, wanang'aa. Hawa wengine... wamejikunja. Wana wekundu."

"Na mikia?"

"Imekatika."

"Haya, fungueni picha yangu."

Telesphory akaikuza kwenye kompyuta mpaka dagaa mmoja akawa mkubwa kama kiatu. Alikuwa amejikunja, mwekundu, hana mkia. Akahamia kwa mwingine, naye hivyo hivyo. Mama Shadia akaweka mkono wake wa kushoto kando ya kioo cha kompyuta: kovu la waya kwenye kidole gumba lilikuwa lile lile la kwenye picha. Kisha akamwambia Telesphory aizime simu na kuiwasha.

"Januari," akasoma Telesphory.

"Heri ya mwaka mpya jamani!" akapiga kelele Hamdani.

Feliksi alikuwa bado ameinamia magazeti. "Mama, nimekosa. Mimi mtoto wa hapa hapa, mbalamwezi ya wavuvi naijua. Ya waanikaji sikuijua."

"Usiniambie mimi. Andika kule kule ulikoandika."

Akaandika. Simu, niliyokuwa nimerudishiwa, ikatetemeka mkononi mwangu, nikamsomea Mama Shadia kwa sauti: "Picha ni ya Mama Shadia, ya wiki ile ile. Nilimkosea." Akaniambia nisome tena. Nikasoma, akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepimiwa mzigo sawasawa.

"Sasa kaa mama, tupige kura ya picha ya wiki ile," akasema Telesphory, akamvutia kiti karibu na feni na kumfungulia soda.

Hamdani akaanza kudai kwamba chanja imeinama, Feliksi akamwambia pikipiki yake ndiyo imeinama, na wote wakawa wanasema kwa pamoja.

"Mimi nilikuja kwa hilo moja," Mama Shadia akasema. Nadhani nilimsikia peke yangu. Akachukua simu yake, akairudisha kifuani, akatoka.

Walidhani amekwenda kununua vocha. Mtu alipotaka kukalia kile kiti, Telesphory akamkataza: "Yewe, hapo pana mwenyewe." Feliksi alikuwa anatafuna wale waliojikunja mmoja mmoja, anasema ni watamu kuliko wapya. Kupitia mlangoni nilimwona Mama Shadia akivuka barabara, amenyanyua kichwa, akapita katikati ya wauza mitumba na kushika njia ya Kibirizi. Hakurudi.