Ajabu ya Nyuma ya Maporomoko

Mwalimu Hatibu hakuzaliwa Kiroka. Alitoka pwani angali kijana, juzuu zake zimo katika mkoba wa ukindu, akaoa hapo, mke akafa, naye akabaki. Watu wa milimani hawampendi mgeni upesi, lakini huyu walimpenda kwa ajili ya chuo chake. Asije mtu leo akasema kilikuwa chuo cha bakora na kelele tu. Kwa Hatibu mtoto alisoma Kurani, alighani tenzi za wazee wa kale, alijua ni nyota ipi ikitoka mpunga upandwe. Na kila asubuhi hakuna aliyegusa ubao wake wa kuandikia kabla hajasema ajabu yake.

Ajabu ni kitu ulichokiona mwenyewe njiani. Siafu wamembeba panzi mzima mzima. Kinyonga amekaa juu ya ua jekundu. Ukija mikono mitupu unarudishwa mtoni ukatazame tena. Ukidanganya, ubao wako unaoshwa, unaanza alifu upya hata kama umefika Yasini. Hatibu alisema Mungu hakumpa mtu macho ili asijikwae tu, na kinywa kinachosoma maneno Yake hakibebi uongo.

Katika watoto wote aliyemshinda mwalimu kwa maswali ni Mwanaheri binti Mwajuma, mtoto wa miaka kumi. Alimleta chuoni mjomba wake, Maneno, na kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba yake aliposema msichana wa nini kusoma, Maneno alimshika mtoto mkono akampeleka. Hatibu hakujaliwa mtoto. Moyoni, bila kumwambia mtu, alimfanya Mwanaheri kuwa wake.

Ukaja mwaka wa vita, Mdachi akawa anarudi nyuma, anataka wapagazi. Askari walipita kijiji kwa kijiji wakifunga wanaume kamba shingoni. Waliokwenda hawakurudi. Maneno akapanda mlimani akajificha, na aliyempelekea chakula ni Mwanaheri, kwa sababu mtoto mwenye kapu la mboga hashukiwi. Mama yake, Mwajuma, alimwapisha asimtaje mjomba kwa mtu yeyote.

Mwanaheri hakumtaja. Lakini njia ile ya alfajiri ilimchosha, akawa anafika chuoni hana ajabu. Siku mbili mfululizo Hatibu alimrudisha mtoni mbele ya wenzake. Wavulana wakamcheka, wakamwambia macho yake yameota ukungu.

Siku ya tatu akida wa Mdachi alikuwa amekaa barazani kwa Hatibu na askari wawili. Walikuja kuuliza wanaume wamekwenda wapi, na Hatibu aliwajibu kwamba yeye anahesabu watoto, hahesabu wanaume. Hapo angewaambia watoto warudi nyumbani. Hakuwaambia. Akida alikuwa mtu wa pwani kama yeye, mtu wa kusoma, na Hatibu alitaka aone kwamba hata huku porini elimu ipo. Kiburi hicho, kidogo kama chembe ya ulezi, ndicho kilichomuua mtu.

Zamu ya Mwanaheri ilipofika alisimama uso unang'aa. Akasema ameona upinde wa mvua ambao haukukatika, duara zima kama pete, ndani ya maji yanayoporomoka, jua lilipoyapiga kutoka upande wa pili.

Watoto wakainua vichwa kutoka kwenye mbao zao. Hata Hatibu alijisahau, akacheka kwa furaha.

Akida naye akacheka. "Upande wa pili," akasema taratibu. "Basi wewe ulikuwa nyuma ya maji, mwanangu. Huko nyuma mna pango?"

"Lipo."

"Na ndani ya pango mna nani?"

Mwanaheri hakumtazama akida. Alimtazama mwalimu wake. Alitaka kichwa kitikisike, jicho lifumbwe, kitu chochote cha kumwambia leo ruhusa kudanganya. Hatibu aliona. Aliwaona na askari, na bunduki zimeegemezwa kwenye nguzo ya nyumba yake. Akainamisha uso, akatazama mikeka.

"Mjomba," akasema mtoto.

Maneno alishushwa kabla ya adhuhuri, amefungwa kamba moja na wanaume waliokamatwa Mikese. Alipopita chuoni hakugeuza shingo. Baada ya miezi miwili mpagazi mmoja aliyetoroka alileta habari: amekufa kwa kuhara njiani kwenda Kisaki, ameachwa chini ya mti na mzigo wake amepewa mwingine.

Msiba ukawekwa bila maiti. Hatibu alivaa kanzu yake, akaenda kusoma hitima, maana kijijini hakuna mwingine aliyejua, wanaume walikwisha. Mwajuma akamkuta uani.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, kwa maana adabu haina msiba. "Mtoto nilikupa. Kaka yangu sikukupa."

"Mwajuma, nisamehe."

"Msomaji ninaye."

Akaingia, mlango ukarudishwa. Hatibu akabaki nje penye migomba, manyunyu yanamlowesha. Ndani, kati ya wanawake, sauti moja nyembamba ikaanza Yasini. Alikuwa Mwanaheri. Tangu siku ile hakuwa amefungua kinywa nyumbani, wala chuoni hakukanyaga tena. Sasa alisoma. Alivuta panapovutwa, alisimama panaposimamwa. Hatibu alifuata kwa midomo, akisubiri kosa, akiomba kosa, angalau moja la kumfanya awe mtoto. Halikuja.

Chakula cha msiba hakinyimwi mtu. Mwajuma alitoka na sahani ya wali, akamwekea juu ya kinu kilicholazwa, mbali kidogo na mkono wake.

"Kula, mwalimu. Ukimaliza uende."

Alikula amesimama, akamaliza yote, kwa sababu kuacha kungekuwa tusi. Kisha akaenda. Siku ya pili aliikunja mikeka ya chuo akawagawia wenye watoto wachanga. Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo, akilima mihogo, na hakumfundisha mtu hata alifu.