Mkono wa Kushoto wa Ambokile

Ukitaka kuamini, amini, usipotaka, acha. Mimi nimeshachoka kubishana. Nimebishana na mchungaji, nimebishana na mke wangu, sasa nasimulia tu kama mtu anayetua mzigo. Wala sikuwa nimekunywa. Ilikuwa saa tisa alasiri, hapa hapa Ipinda, mvua ikipiga bati mpaka husikii unachowaza.

Nina banda la gemu: televisheni mbili, mashine mbili na mabenchi. Kulikuwa na gemu moja kubwa ambalo kila mtu alikuwa analisubiri. Tuliahidiwa, likaahirishwa, tukaahidiwa tena. Mimi na rafiki yangu Ambokile tulilisubiri tangu trela ya kwanza. Yeye alikuwa anabeba mizigo kwa pikipiki pale Kasumulu, mpakani, na kila akirudi swali lake lilikuwa moja: "Wamesemaje?" Tulipanga siku likitoka tufunge banda, tucheze wawili tu. Nikwambie ukweli, mwishowe nilikuwa nasubiri kwa mazoea. Hamu ilishaniisha zamani.

Zikiwa zimebaki siku tatu litoke, wale wanaopewa kulicheza mapema wakaanza kutoa maoni yao mtandaoni. Mmoja analisifu mpaka analia, mwingine anasema ni takataka. Nami nimekaa bandani nawasikiliza wote kwenye simu. Kuanzia saa saba mchana simu ikawa inaita, na kila ikiita video inakatika. Nikaangalia: dada yake Ambokile. Nikasema nitampigia jioni, nikazuia simu zisiingie. Kosa dogo hilo, sivyo? Nani hajawahi kulifanya?

Ilipofika saa tisa Ambokile mwenyewe akaingia, akakaa mwisho wa benchi, pale pale anapokaaga.

"Nimekutafuta kwenye simu," akasema.

"Nimezuia, zinanikatishia. Njoo usikie, huyu anasema ramani ni kubwa mno."

"Ni kubwa kweli. Mimi nimeshaingia."

Nikacheka, halafu wivu ukanishika. Ana binamu yake Karonga, ng'ambo ya mto wa mpakani, mtu mwenye njia zake za kupata vitu kabla ya wenzake. Nikajua huko ndiko alikolipata. Nikamuuliza kukoje.

"Pazuri," akasema. "Ila sivyo tulivyoambiwa. Watu ni wengi, lakini ukiwasalimia hawaitikii."

Hebu fikiria, Mnyakyusa apite kwa watu asiitikiwe! Nikamwambia hilo ni kosa la watengenezaji, watalirekebisha. Akatikisa kichwa.

"Na hakuna kusevu. Ukishaingia, umeingia. Peke yako panachosha, ndugu yangu. Shika, tuingie wote."

Akaninyooshea pedi ya kuchezea, ile ya mchezaji wa pili. Kwa mkono wa kushoto.

Niamini, sikuogopa. Nilikasirika. Huku kwetu mtoto anafundishwa kabla hajamaliza kuota meno: kitu unakitoa kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto unaushikiza wa kulia kwa heshima. Ambokile alikuwa hodari wa hayo, hata akikupa kiberiti.

"Kushoto tangu lini?" nikamwambia. "Wa kulia umeuuza Kasumulu?"

Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya koti, hakuutoa. "Huu haufanyi kazi leo," akasema.

"Basi sipokei. Tutacheza siku ukirudiwa na adabu."

Nilikuwa namtania, jamani. Tulitaniana hivyo maisha yetu yote. Akaiweka pedi kwenye benchi taratibu, akasema, "Ndaga fijo," akatoka mvuani. Asante sana. Asante ya nini? Sikuwa nimempa kitu.

Nilimaliza video ya mwisho ndipo nikaruhusu simu ziingie tena. Dada yake alikuwa amepiga mara kumi na moja. Gari lilimgonga Ambokile asubuhi akitoka Kasumulu, mkono wa kulia ukasagika wote. Alilala hospitali hadi saa nane mchana akiwa na akili zake timamu, akiomba jambo moja tu, niitwe. Saa nane akakata roho. Kwangu aliingia saa tisa.

Tulimzika. Gemu likatoka, vijana wakalicheza wiki mbili, wakasema la kawaida tu. Mimi sijaligusa. Ile pedi nimeifungia kabatini, na mvua ikinyesha alasiri huwa naisikia inatetemeka humo ndani. Mke wangu anasema ni panya.

Mchungaji ananiambia nishukuru, mkono wa kushoto ndio ulioniokoa. Labda. Lakini mimi ninachojua ni kwamba rafiki yangu aliniita mara mbili siku ile, na mara zote mbili nilimkatalia. Mara ya kwanza nilimkatalia kwa ajili ya watu nisiowajua, wakibishana juu ya mchezo ambao hata haujatoka. Hilo linaniuma kuliko pedi kutetemeka.

Kwa hiyo wewe unayesubiri trela yako, nakuomba. Simu ikiita, acha video ikatike. Pokea, ili mtu asilazimike kuja mwenyewe.