Njia Mbili za Pima

Mdogo wetu wa mwisho tunamwita Pima, maana hata pazia hatundiki mpaka apime dirisha mara mbili, na bado ataulaumu ukuta. Zamani nilikuwa namcheka.

Alikuwa fundi mtandao kwenye hospitali kubwa. Mkuu wa kitengo chake alikuwa shemeji yetu, mume wa dada mkubwa. Kwa hiyo kazini alikuwa na bosi, na akirudi kwa mama Jumapili anamkuta bosi yuleyule amekalia kiti kizuri.

Hospitali ilipochoka na kompyuta zake chakavu, Pima ndiye aliyepewa kuchora mfumo mpya. Mimi niliishia darasa la saba, lakini alinieleza nikiwa nakunja nguo na nikaelewa. Ni seva chache zenye nguvu, na ndani ya kila seva mmebebwa kompyuta nyingi zisizoshikika kwa mkono: ya famasi, ya maabara, ya mapokezi. Kumbukumbu zao zote hazikai humo. Zimewekwa kwenye kabati moja la kuhifadhia data, upande wa pili wa chumba, na seva hulifikia kwa nyaya.

"Sasa dada, waya ukikatika?" akaniuliza.

"Si utaunga?"

"Mpaka niunge, kila kompyuta iliyobebwa humo imeshakufa. Ni sawa na kumtoa mtu ubongo, halafu unamwambia asubiri kidogo."

"Basi weka nyaya mbili, kelele za nini?"

"Mbili peke yake hazitoshi. Kila waya uwe na swichi yake," akasema, akimaanisha kile kisanduku kinachokutanisha nyaya. "Na kila swichi iwe na umeme wake. Tena watu wa ofisini na video zao wasipite humo kabisa. Njia ya kabati ni ya kabati."

Akachora hivyo, akafunga hivyo. Kisha akazima swichi moja mchana kweupe, watu wakiwa kazini, na hakuna aliyegundua. Siku hiyo alikuja kwangu anatembea kama bwana harusi.

Ikaja habari ya ofisi mpya za wakubwa. Zilikosa swichi, na kuagiza nyingine kulitaka subira, kitu ambacho wakubwa hawakuzaliwa nacho. Shemeji akaing'oa moja ya zile za Pima, akaipeleka huko. Nyaya zote za kabati akazichomeka kwenye ile iliyobaki.

Pima akamfuata. "Shemeji, pale hatuna njia mbili tena."

"Hebu hesabu nyaya. Si mbili?"

"Ni mbili, lakini zinatokea mlango mmoja."

"Wewe kijana unapenda makuu. Vumilia, nyingine inakuja."

Akavumilia. Angemshtakia nani, mama mkwe wa shemeji?

Swichi iliyobaki iliungua asubuhi moja hospitali ikiwa imefurika. Seva zinawaka taa vizuri tu, ila kabati hazilioni. Famasi ikaganda, maabara ikaganda. Wagonjwa walisimama na maumivu yao mpaka alasiri. Mjamzito mmoja ilibidi akimbizwe hospitali nyingine, kwa sababu majibu yake ya damu yalikuwa yamefungiwa humo ndani. Alipona, lakini mumewe alipiga kelele zikafika magazetini.

Kamati ikaundwa. Kabla haijakaa, dada mkubwa akaja kwa mama, akatukuta mimi na Pima, macho yamevimba.

"Wanataka mtu," akasema. "Mume wangu akitoka, watoto wangu nitawapeleka wapi? Pima hana mke, hana mtoto. Aseme ni yeye aliyeunganisha vile. Mambo yakipoa watamrudisha."

"Kwani mumeo hana ulimi?" nikamuuliza.

"Wewe nyamaza. Mdomo huo ndio uliokukimbizia mume."

"Wangu alikimbia kwa miguu yake, dada. Wako anataka kukimbia kwa miguu ya Pima."

Mama akapiga meza. Akamgeukia Pima: "Mwanangu, usiivunje nyumba ya dada yako."

Pima akasema, "Kufukuzwa nitaweza, mama. Lakini watasema sikujua kazi."

"Nani atakumbuka hayo?" mama akasema. "Watu wana shida zao."

Akaenda kusema ni yeye, akatia sahihi. Wakamfukuza. Mambo yakapoa kweli, yakapoa mpaka yakaota barafu, na hakuna aliyemrudisha. Shemeji akaleta fundi mwingine, zikanunuliwa swichi mpya, na mfumo ukafungwa upya vilevile Pima alivyouchora. Mwisho wa mwaka shemeji akapewa cheti cha utendaji bora. Fadhila za punda ni mateke, lakini punda angalau hapandi jukwaani kupigiwa makofi.

Pima akaomba kazi kwingine, wakamwita kwenye usaili. Alirudi kwa mama jioni, akanikuta jikoni.

"Walipoona jina la hospitali wakatazamana," akaniambia. "Mmoja akaniuliza, 'Kumbe ni wewe uliyepitisha njia zote kwenye swichi moja?' Dada, mafundi wanafundishia wanafunzi kwa mfano wangu."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema ndiyo, ni mimi."

"Mjinga wewe! Ungewaambia ni nani!"

"Nimeshatia sahihi kwamba ni mimi. Nikikana leo, nitakuwa mjinga na mwongo."

Mama akaingia. "Vipi, wamekuchukua?"

"Hawajamchukua, mama," nikamjibu mimi. "Wamemfahamu tu. Jina lake limeenea kote, kwa kazi ya mkweo!"

"Punguza sauti," mama akasema, akiangalia mlangoni. "Shemeji yenu yuko sebuleni."

Pima akanawa uso kwenye sinki, akajifuta kwa mkono wa shati, akaenda kumsalimia.