Kikombe cha Wageni

Msichana wa kidato cha nne wa nyumba ya pembeni, hapa mtaani Pioneer, ana kidole chenye wino usiotoka na tabia ya kubishana na mtangazaji wa redio kana kwamba anasikika. Anajua kama Lima kuna ukungu na kama Oslo kuna theluji, ingawa nguo alizoanika mwenyewe hunyeshewa kila wiki. Akikasirika, hupiga miluzi. Jumapili hiyo alipiga miluzi jikoni tangu watoke kanisani, kwa sababu ukoo ulikuwa umeketi sebuleni kuamua asomee nini chuo kikuu, na yeye, kama desturi yetu inavyodai, aliambiwa achemshe chai.

"Uuguzi," alisema Anko Omollo, aliyewahi kulazwa hospitalini siku mbili.

"Ualimu," alisema shangazi. "Si yuko na mdomo?"

Msichana akaingia na birika, akawamiminia wote. Kisha akafungua kabati, akatoa kikombe cha maua, kile cha wageni, akajimiminia, akaketi katikati ya wazee.

"Na hicho ni cha nani?" akauliza Anko.

"Cha mwenye maisha mnayoyagawa, Anko. Mimi nitasomea hali ya hewa. Hesabu napata A, jiografia napata A. Uuguzi asomee anayeupenda."

Mama akakohoa ndani ya kikombe ili asicheke. Anko akatazama dari, akamtazama baba mtu, akakosa wa kumtetea. Polepole akasukuma bakuli la sukari, akauliza swali ambalo mtoto wa nyumba hiyo hakuwahi kuulizwa:

"Vijiko vingapi?"

"Vitatu," akasema msichana, akakunja nne, mguu juu ya goti.